Ol Doinyo Lengai kwa aliyezoea Kilimanjaro

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyefika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, anaweza kwenda Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, bila mazoezi, kwa kuwa mlima wenyewe haufiki hata mita 3,000. Kwa urefu uko sahihi, ni mita 2,962. Ila urefu ndiyo habari ya mwisho kukusumbua pale. Kilimanjaro unapanda kwa siku kadhaa, mwili unazoea. Lengai unamaliza zaidi ya mita 1,500 za kupanda kwa usiku mmoja, na njia haizunguki: inapanda moja kwa moja juu ya majivu na kokoto. Unapiga hatua mbili, moja inakurudisha chini. Watu huanza kupanda karibu na saa sita usiku ili jua lisiwakute mteremkoni, maana joto la bonde la Ziwa Natron halina utani na mlimani hakuna tone la maji. Beba ya kwako ya kutosha, kupanda na kushuka.

Sasa kilichonipeleka mimi. Hii ndiyo volkano pekee hai inayojulikana duniani kutoa lava ya kabonati, yaani imejaa sodiamu na kalsiamu, ukoo mmoja na magadi. Joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava za kawaida, kwa hiyo usitegemee moto mwekundu wa kwenye picha. Mchana inaonekana nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya injini. Ikishapoa inakutana na unyevu wa hewa na kuanza kupauka, hadi inakuwa nyeupe. Ndiyo maana wanaoutazama mlima kwa mbali hudhani kuna theluji.

Tulipofika ukingoni kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Harufu ya salfa ilikaba koo, na chini kwenye kasoko, shimo la kileleni mwa volkano, tulisikia kitu kikichemka na kupiga kuta kabla hatujakiona. Zamani watu walikuwa wakitembea humo ndani kabisa, lakini mlipuko wa 2007 na 2008 ulichimba shimo refu, na lava inalijaza tena taratibu. Siku hizi unachungulia tu. Kiongozi akisema usisogee, usisogee. Ukingo ule ni majivu matupu.

Kushuka ndiko kulikonitoa jasho. Magoti yanatetemeka, vidole vya miguu vinagonga buti kila hatua, na sehemu nyingine unateremka kwa makalio. Kwa hiyo mazoezi yako yawe ya kushuka vilima zaidi ya kupanda. Kata kucha kabla ya safari, vaa glavu ngumu na buti zinazofunika vifundo. Raba ziache.

Kesho yake, kama miguu itakubali, omba upelekwe kwenye nyayo za watu wa kale pale Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Ziko zaidi ya 400, na zimegandia kwenye majivu ya mlima huohuo.