License to Wed: msiitazame kama maandalizi ya ndoa

Dada, umeuliza kama License to Wed inafaa kutazamwa na mchumba wako sasa mnapoanza mafundisho ya ndoa. Iacheni tu. Ni filamu ya Marekani ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Ken Kwapis. Kilichonivuta mimi ni Robin Williams. Humo yeye ni Mchungaji Frank, anayetaka Sadie (Mandy Moore) na Ben (John Krasinski) wapite kwanza kwenye mafunzo yake ndipo awafungishe ndoa.

Wazo lenyewe ni zuri sana! Wachumba wakiulizwa kwa dhati kuhusu pesa, wakwe na malezi, vichekesho havikosekani, na machozi pia. Lakini filamu inakimbilia vituko: watoto wa roboti wanaolia mbele za watu, Sadie anaendesha gari akiwa amefungwa kitambaa machoni huku Ben akimwelekeza.

Kilichoniudhi hasa ni mchungaji kutega kinasa sauti nyumbani kwao ili asikilize mambo yao ya ndani. Kiongozi wa dini anawapeleleza waumini wake, halafu mwishoni tunatakiwa tumpende! Ben ana haki kabisa ya kukasirika, ila ndiye anayelazimika kumfuata Sadie hadi Jamaica kutafuta suluhu.

Kama mnampenda Krasinski, mtafuteni kwenye tamthilia ya The Office ya Marekani. Mapenzi ya Jim (ndiye Krasinski) na Pam yamejengwa polepole, na Kwapis huyohuyo aliongoza baadhi ya vipindi vyake.