Re: Mnara wa simu karibu na nyumba

Ndugu, umeuliza kama mnara ulio mita 60 kutoka chumba cha wanao unaweza kuwadhuru, na kwa nini mtandao unasumbua humo ndani ilhali mnara unauona dirishani.

Nianze na la pili, maana linajibu nusu ya la kwanza. Antena za mnara hazimwagi mawimbi chini. Huyarusha mbele, karibu sambamba na ardhi, kwa hiyo mengi hupita juu ya paa lako. Yanayobaki hupunguzwa na zege, na bati huyarudisha yalikotoka. Tena nguvu hushuka upesi: umbali ukizidi mara mbili, hubaki robo.

Kuhusu afya, mawimbi haya hayana nishati ya kuvunja DNA kama eksirei. Athari iliyothibitishwa ni kupasha mwili joto, na viwango vya usalama vimewekwa chini sana ya hapo. Ni kweli mwaka 2011 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyaweka kundi 2B, yaani "huenda" yakasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi ulikuwa finyu. Sioni sababu ya kuhama.

Mimi ningeangalia zaidi simu yenyewe. Inagusa sikio, na mtandao ukiwa hafifu huongeza nguvu ya kurusha ili isikike mnarani; ndiyo sababu mojawapo ya chaji kuisha haraka ukiwa chumba hicho. Wanao wakipiga simu humo, watumie spika, au wasogee dirishani kwenye mtandao mzuri.