Uliza Mwalimu: Nimekariri maneno magumu lakini insha bado inarudi na wino mwekundu

*Shikamoo mwalimu. Niko sekondari, na kila siku nakariri maneno 20 ya Kiingereza kutoka kwenye listi ya maneno magumu niliyoikuta mtandaoni. Juzi kwenye insha nikaandika "my obsolete grandmother", nikimaanisha bibi yangu mzee, darasa zima likacheka. Tena kwenye listi imeandikwa kabisa obsolete ni kitu cha zamani. Sasa nimekosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu, alafu nisalimie huyo bibi maana ametukanwa bila kujua. Obsolete ni kitu ambacho watu wameacha kukitumia kwa sababu kimekuja kipya, mfano mashine au sheria au teknolojia. Bibi hajaletewa mbadala. Listi yako haikudanganya sana, ila imekupa neno bila kukwambia linatembea na nani, na hapo ndo wengi wanapoanguka hata wenye kumbukumbu kali.

We mwenyewe ukisikia mtu anasema "nimegonga pasi" badala ya nimepiga pasi unajua hapohapo huyu mgeni, ingawa kupiga na kugonga si mbali hivyo. Kiingereza nacho kiko hivyohivyo, mvua ni "heavy rain" sio "strong rain", chai ndo inakuwa "strong", uamuzi wana-"make", kosa la jinai wana-"commit", na hakuna kanuni ya kukuonyesha kwa nini, ni kuzisikia na kuzisoma zikiwa pamoja mpaka sikio lizoee. Kwa iyo kwenye daftari usiandike neno na maana tu, andika sentensi nzima ulipolikuta, chini yake andika maneno mawili matatu yanayopenda kukaa nalo (dikshonari za wanaojifunza lugha zina sentensi za mfano, kazitafute humo), alafu tunga sentensi yako mwenyewe kuhusu kitu cha kweli. Ukishindwa kutunga, jua hilo neno bado hujalipata.

La pili, nani kakwambia neno gumu ndo neno zuri? Wanormani, watu waliotoka upande wa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa na watu wa kawaida Kiingereza chao, alafu Kilatini nacho kikaingia kupitia kanisa na wasomi, ndo maana leo kuna "ask" na "inquire", "begin" na "commence", "help" na "assist". Maana ni karibu moja, tofauti ni mahali pa kulitumia. Ukimwandikia rafiki yako "let us commence eating" atadhani unamfanyia utani.

Maneno yatakayokulipa ni yale ya katikati, ambayo sio ya mtaani na wala sio ya kujionyesha. Mtafiti wa New Zealand anaitwa Averil Coxhead alitoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno na ndugu zake wa mzizi mmoja), mfano "assume", "derive", "interpret", "significant", na kwenye maandishi ya kitaaluma aliyoyapima yalichukua kama asilimia 10 ya maneno yote. Haya utakutana nayo kwenye baiolojia, kwenye historia, mpaka kwenye swali lenyewe la mtihani, na kuna wanafunzi wanafeli swali la grafu sio kwa sababu grafu hawaijui, ni "interpret" ndo imewashinda. Anza na hayo, "obsolete" itakuja yenyewe.

Na 20 kwa siku ni nyingi mno, mi ningekwambia matano. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, akachapisha matokeo yake mwaka 1885, akaona tunasahau kwa kasi sana mwanzoni alafu kasi inapungua. Maana yake rudia mapema, yani kesho, alafu baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Ila kurudia sio kusoma tena kwa macho! Funika maana, jiulize, jibu kwanza ndo ufunue. Inauma kidogo lakini ndo inayofanya kazi.

*Mwalimu, naambiwa nikijua mizizi ya Kilatini nitaelewa neno lolote hata nisilowahi kuliona. Ni kweli?*

Neno lolote hapana, ila inasaidia. Ukijua "spect" ni kutazama, basi "inspect", "spectator" na "retrospect" zinaanza kufanana sura. Jifunze na familia nzima pia, "decide", "decision", "decisive", unapata matatu kwa jasho la moja. Lakini chunga mitego, "inflammable" ni kitu kinachoshika moto kirahisi, sio kisichoshika, na "invaluable" ni cha thamani kubwa mno. Mzizi uutumie kukisia, dikshonari ikuhakikishie.

*Mwanangu anashinda anaangalia filamu, nikimuuliza anasema anajifunza Kiingereza. Nimuamini?*

Nusu, mzazi mwenzangu. Filamu zinampa sikio na mdomo, na akiweka maandishi ya Kiingereza chini badala ya tafsiri anafaidika zaidi. Ila watu kwenye filamu wanaongea kama watu wanavyoongea, maneno ya darasani hayako mengi humo, yako kwenye vitabu na makala. Tatizo wengi wanampa mtoto kitabu kilichomzidi anakichukia siku ya kwanza. Wataalamu wa kujifunza msamiati kama Paul Nation wanakadiria kwamba ili usome kwa raha bila msaada inabidi ujue kama asilimia 98 ya maneno yaliyopo, yani katika kila maneno 100 yakushinde mawili tu. Mfungulie ukurasa wowote aweke alama kwenye maneno asiyoyajua, zikizidi sita kwenye ukurasa wa maneno 300 mtafutie chepesi zaidi, hata kama ni cha watoto wadogo kwake, na wala usimcheke. Filamu msimnyang'anye, ila akimaliza mwambie aandike kwa Kiingereza mistari mitano kwa nini yule mbaya alifanya alichofanya, hapo ndo utajua kama alikuwa anajifunza au anatazama mabomu tu.