Usimteme Mtupaji Wako Kabla Hajakutana na Wapigaji 70

Ijumaa ya tarehe 2 Agosti 2024 nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko, katika bohari ninakofanya kazi hapa Minneapolis, nikisubiri pilau yangu ipate moto kwenye maikrowevu. Simu ikaanza kulia mfululizo. Kundi la WhatsApp la ligi yetu ya fantasi ya besiboli lilikuwa limechachamaa: Blake Snell wa San Francisco Giants ametupa mechi nzima dhidi ya Cincinnati, ngwe zote tisa (ngwe ni zamu ya kila timu kupiga), bila mpigaji hata mmoja kupata hiti, yaani kuupiga mpira akafika kituo salama. Wako watupaji wakubwa wanaostaafu bila kuonja mechi kama hiyo. Poenti zote zilikwenda kwa mzee mmoja wa Jamhuri ya Dominika anayefanya kazi upande wa kupakia malori. Alimwokota Snell bure, mwezi Julai.

Aliyemtema ni mimi.

Mzee hakunicheka. Aliingia, akafungua friji, akatoa soda mbili, moja akaniwekea mbele yangu, akaondoka. Afadhali angenicheka.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa ni watu wa fantasi ya EPL, na besiboli mmeiona kwenye filamu tu. Msiogope, mambo ni yale yale. Unachagua wachezaji wa kweli, wanachofanya uwanjani kinakuletea poenti, na kila wiki unakutana na mwenzako mmoja wa ligi. Binamu yangu mdogo wa Kongowea aliwahi kunitumia vois: "Kaka, hiyo besiboli yenu kipa ni nani?" Nikamwambia kipa ni mtupaji, ila huyu kipa ndiye anayeanzisha kila shambulizi. Anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo. Timu pinzani ikipata mkimbio, ndilo bao la besiboli, lawama zinaanzia kwake.

Kila klabu huwa na watupaji wa kuanza watano hivi wanaopokezana, kwa hiyo mmoja hutupa baada ya kila siku tano au sita. Hapo ndipo penye mtego. Msimu huanza mwishoni mwa Machi, na hadi Aprili inaisha mtupaji wako amepanda kilimani, pale anaposimama kutupa, mara sita tu, pengine tano. Mpigaji wako katika muda huo amecheza mechi 25 au zaidi. Sisi tunataka kuwahukumu wote wawili siku moja.

Namba inayotupoteza zaidi ni ile wanayoiita ERA, yaani wastani wa mikimbio, ukiacha ile iliyotokana na makosa ya wadakaji, ambayo mtupaji angeruhusu katika ngwe tisa. Unachukua mikimbio, unazidisha kwa tisa, unagawanya kwa ngwe alizotupa. Tuseme mtupaji wako ametupa mara tatu. Jumla ngwe 16, mikimbio 10. Wastani wake ni 5.63, na kwenye programu unaonekana mwekundu kama jeraha. Sasa tenganisha zile siku tatu. Mara ya kwanza na ya pili alitupa ngwe saba saba, akaruhusu mikimbio mitatu tu kwa jumla: hiyo ni 1.93, kazi ya mtu wa kugombea tuzo. Siku ya tatu akatolewa baada ya ngwe mbili akiwa ameruhusu mikimbio saba. Jioni moja tu ndiyo iliyopaka rangi mwezi mzima. Ikifika Agosti, jioni hiyo hiyo itakuwa imemezwa na ngwe 130 nyingine, wala hutaikumbuka.

Halafu kuna bahati, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo nilipochelewa kuelewa. Mpigaji akishaugusa mpira na ukabaki ndani ya uwanja, mtupaji hana tena mamlaka makubwa juu yake. Unaweza kumwendea mdakaji mikononi, unaweza kupita katikati ya watu wawili. Katika ligi kuu ya Marekani, kati ya mipira kumi ya namna hiyo, mitatu hivi huwa hiti. Hiyo mitatu ni ya msimu mzima na ya watu wote. Ndani ya wiki tatu mtupaji mmoja anaweza kupigwa minne katika kila kumi bila kosa lake, na mwingine akapigwa miwili tu bila ujanja wake. Wa kwanza anatemwa. Wa pili anagombewa sokoni kama sukari ya Ramadhani.

Basi mimi Aprili siangalii mikimbio. Naangalia vitu viwili ambavyo mdakaji wala upepo hauviingilii sana: wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu (straiki ni mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au kuuacha), na wapigaji aliowapa kituo cha kwanza bure kwa sababu alishindwa kulenga. Wastani wa ligi kwa miaka ya karibuni ni kama asilimia 22 kwa straiki na 8 kwa wale wa bure. Toa moja kwa nyingine, unabaki na 14. Mtupaji wangu akiwa juu ya 20, hata wastani wake wa mikimbio uwe 6, simgusi. Akiwa chini ya 10 na wastani wake ni 1.50, namtafutia mnunuzi kabla watu hawajaamka. Na hesabu hii ya straiki huanza kutulia mtupaji akishakutana na wapigaji 70 hivi, ambao ni mechi tatu. Ile bahati ya mipira iliyoguswa haitulii hata msimu ukiisha.

Mfano wangu ninaoupenda ni Tarik Skubal wa Detroit. Alifanyiwa upasuaji wa mkono mwaka 2022, akarudi Julai 2023, akatupa mechi 15 tu. Katika mechi hizo aliwatoa wapigaji 102 kwa straiki na kuwapa bure 14. Rudia kuzisoma hizo namba mbili. Mwaka uliofuata alishinda mechi 18, akatwaa Cy Young, tuzo ya mtupaji bora, ya ligi ya American (nusu moja ya ligi kuu, nyingine ni National), na mwaka 2025 akaitwaa tena. Waliosoma zile namba mbili hawakushangaa.

Jambo la pili ni kasi ya mpira. Mtupaji wa kawaida siku hizi anarusha mpira wake wa kasi kwa maili 94 kwa saa. Akiwa mtu wa 96 na ghafla anarusha 94, mimi nashtuka zaidi kuliko angeruhusu mikimbio sita. Mkono ndio unaotangulia kusema, mikimbio hufuata nyuma. Lakini kuna kosa nililofanya miaka miwili mfululizo: nilikuwa nikilinganisha kasi ya Aprili na wastani wa mwaka uliopita wote. Hapana. Aprili ni baridi, miili bado haijachangamka, na wengi huongeza kasi kadiri jua linavyopanda. Linganisha Aprili na Aprili. Ukikuta amepungua maili mbili hata hapo, anza kumwandalia mrithi.

Baridi yenyewe nimeionja. Target Field, uwanja wa Minnesota Twins, hauna paa. Mwaka mmoja nilikwenda mechi ya mwanzo wa Aprili nimevaa makoti mawili na bado nikatamani kikoi cha tatu cha kujifunika miguu. Mtupaji alikuwa akipuliza vidole kila baada ya mpira. Hewa ya namna hiyo mpira uliopigwa hauendi mbali, kwa hiyo kuna watupaji wa miji ya kaskazini wanaoonekana wafalme Aprili, Juni ikifika mipira ile ile inatua jukwaani. Kinyume chake ni Denver. Uwanja wa Coors Field uko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali na hata haupindi unavyopinda kwingine. Mtupaji yeyote anayekwenda kutupa huko, mimi namkalisha benchi. Simuonei. Namhifadhi.

Turudi kwa Snell, maana deni lile bado linaniuma. Mwaka 2023 alikuwa ametwaa Cy Young ya ligi ya National. Kiangazi hakijafika, mwaka 2024, alikuwa na wastani wa 9.51 baada ya mechi sita, na hapo katikati ameshaumia. Mwanzoni mwa Juni nikasema basi, nimechoka, nikabonyeza kitufe. Mechi zake 14 za mwisho alikuwa na wastani wa 1.23.

Sikukosa namba. Nilikosa kuuliza swali moja: kwa nini? Jibu lilikuwa mezani tangu mwanzo. Snell alisaini mkataba na Giants tarehe 19 Machi, wakati wenzake walikuwa kambini tangu katikati ya Februari. Alianza msimu kama mtu aliyeamshwa usingizini na kuambiwa akimbie. Hiyo ni sababu inayopita. Sasa nina daftari dogo, na kabla sijamtema mtu lazima niandike sababu ya kuharibikiwa kwake kwa sentensi moja. Nikishindwa kuiandika, simtemi. Nikiandika "sababu: amenikera", nafunga daftari nakwenda kulala.

Kambi za Florida na Arizona, zile mechi za kirafiki za Machi, msizitilie maanani sana. Kule mtupaji anaweza kurusha aina moja ya mpira ngwe nzima kwa sababu anaijaribu. Matokeo ni ya kupuuza. Ninachookota huko ni viwili tu: je, kasi ipo, na je, ana silaha mpya ambayo mwaka jana hakuwa nayo.

Kuhusu ushindi: ligi nyingi za fantasi bado zinatoa poenti kwa mtupaji ambaye timu yake imeshinda. Ni poenti tamu, lakini usimchague mtu kwa ajili yake. Mwaka 2018 Jacob deGrom alikuwa na wastani wa 1.70 na rekodi ya ushindi 10, vipigo 9. Mwaka 2025 Paul Skenes wa Pittsburgh alikuwa na 1.97, ushindi 10, vipigo 10. Wote wawili walitwaa Cy Young. Timu zao hazikuwafungia. (Na kwa kuwa nimeitaja Pittsburgh: klabu hiyo iliwahi kumsajili kijana wa Uganda, David Matoma, naye ni mtupaji. Majirani zetu wametutangulia mbali kwenye mchezo huu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikwenda Pennsylvania kwenye kombe la dunia la watoto wakaifunga timu ya Oregon 3-2. Nikiwasimulia wazungu wa kazini hawaamini mpaka niwaoneshe.)

Kuna jambo moja ambalo hakuna namba itakayokuokoa nalo. Spencer Strider wa Atlanta mwaka 2023 aliwatoa wapigaji 281 kwa straiki. Mwaka 2024 alitupa mechi mbili, kiwiko kikamsaliti, msimu ukaisha. Aprili hiyo hiyo Shane Bieber wa Cleveland alitupa ngwe 12, straiki 20, mkimbio sufuri. Ukipima kwa kipimo changu hapo juu, huyo ni malaika. Baada ya mechi hizo mbili akapelekwa kwenye upasuaji wa kiwiko ule uliopewa jina la Tommy John, unaomweka mtupaji nje mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo siku ya kuchagua wachezaji, wawili wangu wa kwanza ni wapigaji, siku zote. Naanza kuchukua watupaji raundi ya tatu, kisha nachukua wengi kuliko wenzangu, kwa sababu najua wawili watakwenda hospitali. Wenzangu wananiita mwoga. Sawa.

Na wiki ya kwanza, yule kijana asiyejulikana aliyetupa ngwe saba safi, ambaye kila mtu anamkimbilia? Mchukue, ndiyo, lakini mpe nafasi ya mchezaji wa mwisho kabisa kwenye benchi lako. Usimteme mtu uliyemfikiria miezi mitatu kwa ajili ya mtu uliyemjua jana. Angalia pia alitupa dhidi ya nani. Ngwe saba safi mbele ya timu dhaifu na katika baridi ni kama kumshinda mtoto bao.

Msimu huu nami nina wangu anayenichoma. Mechi mbili, wastani wa 7 na ushei. Jina silitaji, mzee wa Dominika ana mpwa anayejua Kiswahili. Amekutana na wapigaji 44. Straiki 13, wa bure watatu. Daftarini nimeandika: "Mipira iliyoguswa, inaangukia patupu." Mzee amenipita mara mbili wiki hii akiniuliza kwa upole kama namhitaji kweli yule kijana.

Kesho anatupa saa saba na dakika kumi mchana. Mapumziko yangu ni saa saba kamili. Nitaangalia kasi yake ngwe ya kwanza, kisha nizime simu nirudi kwenye maboksi.