Maswali ya Wasomaji: Jino Limezibwa, Mbona Bado Linauma?

*Daktari, shikamoo. Gego langu lilizibwa kwa ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa mwanga wa bluu. Huu mwezi wa pili, maji baridi yananichoma, na chai ya moto huniachia maumivu ya muda mrefu. Naambiwa dawa hiyo ina sumu inayoua jino. Ni kweli?*
Msomaji, Tanga

Marahaba. Sumu imo, ila haifanyi kazi peke yake. Ndani ya jino kuna kiini laini chenye damu na mishipa ya fahamu, na ukingoni mwake zimejipanga seli zinazotengeneza dentini, yaani sehemu ngumu iliyo chini ya enameli. Dentini ina vijitundu vinavyofika hadi kwenye seli hizo.

Dawa nyeupe ni rezini, aina ya plastiki. Ikikauka, molekuli zake hushikana. Zile zisizoshikana, hasa HEMA na TEGDMA, huchuja kupitia vijitundu na zikizidi hudhuru seli. Ndiyo maana rezini ya kawaida hujazwa kwa tabaka za milimita 2, kila moja ikimulikwa sekunde 20 hivi kulingana na taa. Shimo la milimita 4 likijazwa kwa mkupuo mmoja, au taa ikiwa imefifia, juu hukauka na chini hubaki pabichi. Kumulika kupita kiasi nako huweza kukipasha kiini joto la kukidhuru.

Kinga kubwa ni dentini iliyobaki. Ikiwa na unene wa milimita 1, sehemu kubwa ya kemikali huishia humo. Ikishuka chini ya nusu milimita, seli zimo hatarini.

Hata hivyo, mimi huanza kushuku vijidudu kabla ya sumu. Rezini hunywea inapokauka, na mate yakiingia wakati wa kazi haishiki vizuri, hubaki mwanya ambamo vijidudu hupenya. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini: panya waliofugwa bila vijidudu vyovyote walijenga dentini mpya, wa kawaida viini vyao vilikufa.

Ubaridi unaochoma na kuisha mara moja mara nyingi hutulia ndani ya wiki chache. Maumivu yanayoendelea baada ya chai kumezwa ni jambo jingine: kiini huenda kimeshaumia kiasi cha kutopona. Rudi wiki hii, jino lipimwe kwa baridi na lipigwe eksirei. Pengine litahitaji kutibiwa mzizi.

*Mbona mama aliwekewa dawa inayonukia karafuu, mimi sikuwekewa?*
Msomaji huyohuyo

Hiyo ni zinki oksidi iliyochanganywa na yujenoli ya mafuta ya karafuu. Kiasi kidogo kinachopenya dentini hutuliza maumivu, lakini ikigusa kiini chenyewe huua seli. Tena yujenoli huzuia rezini kukauka, kwa hiyo haiwekwi chini yake. (Na msidondoshee mafuta ya karafuu kwenye jino lililotoboka, yanaunguza.)

Kiini kikiwa wazi, daktari kwanza husimamisha damu kwa pamba yenye hipokloriti ya sodiamu, dawa ya kuua vijidudu. Ikigoma baada ya dakika 10 hivi, kiini kimevimba na kukifunika tu hakutoshi. Ikisimama, hufunikwa kwa haidroksidi ya kalsiamu, ambayo huunguza uso wa kiini kidogo kisha dentini mpya hujengeka, ingawa mara nyingi yenye matundu. MTA, saruji maalumu ya meno, hujenga dentini nzito zaidi. Ubaya wake ni kuchukua saa kadhaa kukauka, na meno ya mbele huweza kugeuka kijivu.