Mizimu ya Dan Sai

Swali: Nataka kuona vinyago vya Phi Ta Khon, tamasha la mizimu, huko Dan Sai, mkoa wa Loei, Thailand. Nikate tiketi ya lini?

Jibu: Subiri kwanza. Tarehe hutolewa kila mwaka na mwaguzi wa mji, mara nyingi Juni au Julai. Anayebahatisha hukuta barabara tupu. Ikitangazwa tu, shika chumba. Ukikosa, lala Loei mjini, kama kilomita 80.

Siku ya kwanza amka kabla ya alfajiri: Phra Upakut, mtakatifu wa Kibuddha, hukaribishwa kutoka mtoni. Ya pili ni maandamano na roketi za mianzi. Ya tatu, mahubiri katika hekalu la Wat Phon Chai. Funika mabega na magoti.

Kinyago kitazame kwa karibu: juu kikapu cha kuvukishia wali unaonata, usoni shina la kuti la mnazi, pua ndefu ya mti. Njuga zilizofungwa kiunoni utazisikia kabla hujawaona wavaaji.