Tikal kwa siku mbili: lala humo humo hifadhini

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha Tikal, ule mji wa kale wa Wamaya ulio magofu msituni huko Guatemala, na kama ulale Guatemala City. Zinatosha kabisa, ila mji mkuu uko mbali mno. Panda ndege hadi Flores, mji ulio karibu na Tikal, halafu gari, kama saa moja na nusu hivi. Mimi ningelala hoteli ya ndani ya hifadhi: alfajiri misafara ya watalii haijafika, na utasikia kima wa huko wakinguruma kama simba. Kuingia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kuna tikiti yake ya ziada, lakini inalipa. Anza na Hekalu la Nne, mita 65 hivi kwenda juu. Ngazi ni za mbao, na ukifika unaona vilele vya mahekalu mengine vikichomoza juu ya msitu. Hekalu la Kwanza ni la kutazama tu, kulipanda marufuku. Julai uliyoitaja ni mvua, mawe yanateleza na mbu ni balaa. Februari ni bora. Na kwa kuwa unatoka Kenya, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, wasije wakakuzuia hapo hapo Nairobi.